Punje Saba za Niboye

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine ambao si wajukuu zangu lakini mnanijia hapa Biryogo, Kigali, na vijiwe mmevifunga kwenye leso: kabla hujakifungua kijiwe chako nitakuuliza amekupa nani. Usikasirike, ndivyo nilivyo. Nimekuwa mwosha mchanga miaka mingi, na kazi ya kutafuta dhahabu mahali ambapo hakuna aliyewahi kuiona humfanya mtu aishuku hata chai yake. Penye sifa ya dhahabu, unashuku kama itatosha. Pasipo na sifa, ukipata hata punje moja, unaishuku punje yenyewe.

Juzi alikuja kijana na mashine inayopiga mluzi ikisikia madini chini ya ardhi. Nikamwambia, mwanangu, katika mji huu mashine hiyo italia mpaka ichoke. Italilia misumari, vifuniko vya soda, na vitu vingine vilivyolala humu chini ambavyo si vya kuchezea. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sisi tulikuwa na jembe, beleshi, beseni na karai. Basi nianze na lile ambalo wengi hulikosa: dhahabu ni nzito, tena mvivu. Maji yakiibeba kutoka mlimani, inatafuta pa kukaa: nyuma ya jiwe kubwa, kwenye kona ya kijito, katikati ya mizizi ya majani, na hasa chini kabisa pale changarawe inapogusa mwamba. Ukiishia kwenye tope la juu umelima tu, panda viazi uondoke. Karai jipya lichome motoni kwanza, mafuta ya dukani yaishe, maana punje ndogo ikikutana na mafuta inaelea, inakwenda zake na maji huku wewe unaimba. Oshea ndani ya beseni, usioshee mtoni, ili ulichokipoteza uweze kukitafuta tena. Na ukate kucha. La kucha nitalieleza.

Haya yote nilifundishwa na Mzee Asumani, mtu wa Kasongo, ng'ambo, nchi ambayo siku hizo tulikuwa tukiiita Zaire. Alikuwa ameosha dhahabu Kamituga, hukohuko kwao, tangu ujana wake. Hakuwa mpole, msije mkadhani. Alikuwa mfupi, mwenye hasira za haraka, na alikuwa akila wali kwa mama yangu hapa Biryogo, kwenye kibanda chetu cha chakula. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi nyumbani, kazi yangu kupepeta mchele na kuuosha. Siku moja Mzee aliacha kijiko akanitazama mikono mpaka nikaanza kumfikiria vibaya.

"Mama Zaituni," akaniambia, "ule mukono yako inajua kutenga. Kizito huku, chepesi kule. Ungo na karai njo ndugu moja. Kuja nikufundishe kazi ya wanaume."

Mama alimwangalia kwa jicho la pembeni. Mimi pia nilimshuku, lakini nilikuwa nimechoka na mchele.

Aliyekuwa akimlipa Mzee ni mfanyabiashara wa kahawa aitwaye Silveri, mwenye nyumba Kimihurura, ua wake wa miti umekatwa vizuri kuliko nywele zangu. Tulimwita patroni. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, naye akili yake ikawa inatangatanga, mpaka fundi mmoja wa matofali wa Niboye, upande wa Kicukiro, akampelekea tofali linalometameta. Niboye ya wakati huo haikuwa hii ya nyumba na maduka. Ilikuwa mashamba ya mtama na viazi vitamu, na bonde la tope. Hakuna babu wala bibi aliyewahi kusema kuna dhahabu huko. Patroni akaona hiyo ndiyo dalili nzuri, kwamba imefichika.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili. Vita vilikuwa kaskazini tangu tisini, na mjini kila mtu alimtazama mwenzake mara mbili. Barabarani uliulizwa kitambulisho, unakotoka, unakokwenda. Neno *icyitso*, yaani mtu anayemsaidia adui kwa siri, lilikuwa jepesi mdomoni na zito kwa yule lililomwangukia. Katika hali hiyo, sisi tukaenda kuchimba mashimo.

Bonde lilikuwa la mjane mmoja, Mukecuru Daforoza, mukecuru ndiyo bibi kizee. Patroni alikuwa amempa kitenge na maneno mazuri, lakini bibi hakuridhika. Siku ya kwanza alisimama juu ya shimo letu, fimbo mkononi.

"Mana yanjye! Mungu wangu! Nyie munachimba nini kwa shamba yangu? Munazika bunduki?"

"Tunatafuta jiwe, mukecuru," nikasema.

"Jiwe? Mawe iko huku juu mengi sana. Munatafuta ya chini kwa nini?"

Mzee Asumani alimpenda bibi yule papo hapo. Akamwapia kwamba kila shimo litafukiwa siku hiyohiyo, na kweli, tulifukia. Hiyo nayo ishikeni. Shimo ni deni la mwenye kuchimba. Usiache shimo wazi kwenye shamba la mtu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilitikisa karai, nikamwaga tope, nikabakiza mchanga mweusi, na ndani yake mambo yakawa yanawaka! Nikapiga kelele za harusi. Mzee alikuja akasimama kati yangu na jua, kivuli chake kikaanguka ndani ya karai, na ule mng'ao wote ukafa. Yalikuwa maganda ya ulanga, vile vijiwe vyepesi vinavyometameta kama kioo, ndivyo hivyohivyo vilivyokuwa kwenye tofali la patroni. "Dhahabu haiombi jua," Mzee akasema. "Ndani ya kivuli iko ileile." Basi ukipata king'aacho, kitie kivulini. Kikibaki na rangi yake, kiweke juu ya chuma ukigonge kwa nyundo. Kikisagika kuwa unga, tupa. Kikitandazika kuwa bapa, kaa chini, unywe maji, uanze kujiuliza kimefikaje hapo.

Maana Mzee alinifundisha hilo pia, namna watu wanavyodanganya. Mwenye shamba bovu anayetaka kulisifu huficha unga wa dhahabu ndani ya kucha, akatia kidole kwenye karai kama anayekusaidia. Ndiyo maana nikasema mkate kucha. Mwingine huchanganya unga huo na tumbaku, akavuta sigara juu ya karai lako, jivu likidondoka dhahabu imeingia. "Mutu wa sigara, sukuma mbali," Mzee alikuwa akisema. Na kila asubuhi, kabla ya kugusa udongo wa shimo, alinilazimisha kuosha karai kwa mchanga wa barabarani, mchanga usio na kitu, ili kuhakikisha halijabeba punje za jana. Aliita kuosha bure. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Mchanga wa bure, maji ya bure, mgongo wangu ndio si wa bure.

Miezi ikapita. Mashimo kumi na kitu, mchanga mweusi na ulanga, basi. Mzee alimwambia patroni wazi: "Hapa dhahabu haiko. Tuko tunaosha udongo tu." Patroni akajibu kwamba mwisho wa mwezi akiwa hajaona kitu atafunga kazi. Nilisikitika, sitaficha. Nilikuwa nimezoea kuitwa fundi.

Wiki hiyohiyo karai langu liliangukia shimoni likatoboka. Kesho yake nikachukua karai la jikoni kwetu, lile la kuoshea mchele, kuukuu lakini zito na zuri, mdomo wake umekunjwa kwa nje. Mama alikuwa amelinunua kwa mwanamke wa Bukavu, ng'ambo hukohuko, aliyekuja na mzigo wa vyombo vilivyotumika. Nilichelewa, mvua ilikuwa inanyesha, nikaruka kuosha bure. Karai la mama yangu! Linaoshwa na mchele kila siku ya Mungu. Ningelishuku la nini?

Udongo wa siku hiyo ulikuwa mfinyanzi, unanata. Nikawa nagonga mdomo wa karai kwenye jiwe ili uachie. Mzee alikuwa akitetemeka kwa baridi, na kwa mara ya kwanza nikamwona anawasha sigara karibu na kazi. Aliinama kunitazama. Jivu likadondoka ndani ya karai. Akatukana kwa Kikwao akarudi nyuma. Nikaendelea kutikisa, nikamwaga maji ya mwisho, na pale kwenye mchanga mweusi zikabaki punje saba za njano.

Nikazitia kivulini. Hazikufa.

Patroni alikuwapo siku hiyo, na mwavuli wake. Alipiga magoti topeni na suruali yake ya Kimihurura. Mzee alichukua punje moja kwenye ncha ya kidole, akaitazama muda mrefu, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Hii imesafiri," akasema. "Angalia, imelainika, imekuwa bapa. Imekunywa maji ya muto mukubwa. Bonde hii ndogo haiwezi kuizaa. Hii ni ya kwetu."

Akalitazama karai langu, akanitazama mimi, akazima sigara. Mimi nilikuwa nikitazama ile sigara.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Nani alikuwa na dhahabu ya Kamituga? Nani angekosa kazi mwisho wa mwezi? Nani alinifundisha hila ya jivu, na nani alivuta? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, nikajiona mwerevu sana. Nikapanda Kimihurura kwa miguu yangu mwenyewe nikamweleza patroni. Sikuwa nimetumwa na mtu.

Patroni hakupaza sauti. "Sikia, madamu," akasema. "Mimi si mutoto. Iko mutu anatucheza. Na ule mutu anatembea na nyundo, anachora ramani ya mabonde yote ya Kicukiro. Nani amemutuma?"

"Nimesema jivu la sigara tu, patroni."

"Wewe umesema jivu. Mimi nauliza nani amemutuma."

Baada ya siku mbili Mzee Asumani hakuja kula wali. Habari ikafika kibandani kwamba amefungwa kwenye kasho, yaani mahabusu, ya kituo kimoja cha askari, na kwamba ameshikwa mgeni wa Zaire mwenye ramani za adui. Nisikilizeni vizuri hapa. Mimi nilitoa jivu la sigara. Lilipofika kituoni lilikuwa ramani ya vita. Hakuna karai linaloongeza mzigo namna hiyo. Na siku hizo watu walioingia kasho kwa maneno kama hayo, si wote waliotoka.

Hata hivyo, nitawaambia ukweli unaoniaibisha: nilijituliza. Nilijiambia kwamba kama hana hatia ataonekana hana hatia. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza. Karai la mama lilikuwa limerudi jikoni, nami nimerudi kwenye mchele wangu.

Ilikuwa alasiri, nikiosha mchele wa futari. Punje za mchele zilikuwa zimenata ukingoni, nikagonga mdomo wa karai kwenye jiwe la jiko, kama kule bondeni. Nikamwaga maji. Katika maji ya mwisho, katikati ya mchele mweupe, kikang'aa kitu cha njano.

Niliinama, kivuli changu kikaingia ndani ya karai. Hakikufa.

Hapakuwa na Mzee hapo. Hapakuwa na sigara, tulikuwa tumefunga. Niligeuza karai nikatazama ule mdomo uliokunjwa, nikaona mahali ulipofunguka kidogo kwa kugongwagongwa. Yule mwanamke wa Bukavu, au mtu kabla yake, alikuwa ameoshea dhahabu humo miaka na miaka, na punje zikajificha ndani ya mkunjo. Mchele wa mama haukuweza kuzitoa. Ilihitaji mjinga wa kugonga jiwe. Nilikuwa nimemshuku kila mtu wa Kigali isipokuwa karai langu. Nyani haoni kundule.

Nililia, kisha nikaogopa kuliko nilivyolia. Maana ukienda kituoni kusema dhahabu ni yako, utaulizwa umeitoa wapi. Mama akaniona nimeshika koleo na karai niko mlangoni. Nikamweleza. Akasema, "Mdomo uliponza kichwa, mwanangu, lakini kichwa chenyewe ni cha mwenzio. Nenda."

Mkubwa wa kituo alikuwa amekaa barazani. Nilimwomba ndoo ya maji na sahani nyeupe. Alicheka, lakini akaagiza vikaletwa. Nadhani alitaka kuona kichaa. Nikaukunjua mdomo wa karai kwa koleo mbele yake, nikagonga juu ya sahani, nikaosha ule uchafu polepole. Zikabaki punje tisa. Akaacha kucheka.

Patroni akaitwa. Alikuja, akazitazama punje, akauliza kwa sauti ndogo, "Basi si ya Niboye?" Hakumuuliza Mzee hali yake. Niliona dhahabu inamtoka machoni, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia na kumchukia kwa pamoja.

Mkubwa wa kituo akanigeukia. "Na wewe, karai ya Zaire umeipata wapi? Nani amekupa?"

Lile swali langu mwenyewe, ninalowauliza nyinyi mpaka leo. Nikasema, "Mkubwa, ni la mama yangu. Mchele wa wali unaokula Biryogo kila Ijumaa unaoshwa humohumo."

Askari mmoja alicheka puani. Mkubwa alilitazama karai, nadhani akihesabu ameshakula dhahabu kiasi gani. Mwishowe akasema mgeni atoke, lakini siku mbili zisipite awe amevuka mpaka. Ramani zake hazikurudishwa.

Mzee Asumani alitoka amekonda, jicho moja limevimba. Tulitembea mpaka kwenye kona. Ndipo nikampa zile punje tisa, ambazo mkubwa aliniachia, ndani ya karatasi, nikamwambia kosa ni langu, sigara nilimtajia patroni mimi.

"Najua," akasema. "Na karai nilijua. Toka siku ile bondeni. Dhahabu ya kwetu, karai ya kwetu, kuna nini ya kufikiria?"

"Kwa nini hukusema?"

"Wangenitoa miye wakuingize weye. Miye niko na kwetu ya kurudia. Weye kwenu ni hapa." Kisha hasira yake ikapanda, nami niliifurahia, ilikuwa haki yangu. "Kila asubuhi nakuambia, osha bure! Osha bure! Weye unasema mugongo!"

Nikamwomba anisamehe. Alitia punje mfukoni, akasema zile zinarudi kwao, zimetembea vya kutosha. Halafu akatoa pakiti yake ya sigara, zimebaki tatu, akaniwekea kiganjani.

"Shika hii," akasema. "Miye sasa naogopa kuwasha mbele ya mutu."

Akaondoka na basi la Gisenyi, kule mpakani. Mimi nikarudi Niboye, maana shimo la mwisho lilikuwa bado wazi. Tulilifukia mimi na Mukecuru Daforoza, yeye kwa mikono. Aliniuliza yule mzee mfupi yuko wapi, nikamdanganya kwamba ameitwa nyumbani. Miaka miwili baadaye, yalipokwisha yaliyotokea tisini na nne, nilirudi kumwambia ukweli. Sikumkuta yeye wala nyumba yake. Na Mzee Asumani, kila mtu wa Kasongo anayepita hapa namuuliza, na wote wanasema watauliza.

Basi kijiwe chako nitakitazama, nitakitia kivulini, nitakigonga. Lakini kwanza kaoshe karai lako kwa mchanga wa barabarani, hapo nje, nikuone. Ukisema unachoka mgongo, nitakuonyesha pakiti moja ya sigara ninayoiweka kabatini. Ndani zimo tatu, zimekauka, na hakuna aliyewahi kuziwasha.